Kabla Hujafungua Injini, Uliza Moshi Unatoka Saa Ngapi

(Mazungumzo na madereva wa bodaboda, wenye pikipiki na vijana wanaojifunza ufundi, Mabatini, Mwanza)

Mwangaluka! Wazee wangu, shikamooni. Vijana nawasalimu. Mwenyekiti wa kijiwe ameniomba nizungumzie moshi, na sote tunajua kwa nini: kuna pikipiki hapa zikiondoka na abiria, sisi tunaobaki tunakohoa. Ameniomba pia nisiwachoshe, maana kila mmoja ana hesabu ya kupeleka jioni. Nitajitahidi, ingawa fundi akianza kuongelea injini hana breki.

Naanza na ugomvi. Kuna kauli inayotoka haraka mno kwenye gereji zetu: "Ringi zimeisha, shusha injini." Ringi ni zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni na kuziba mwanya kati yake na bloku, yaani silinda. Dereva kaja na moshi, fundi katupia jicho ekzosi mara moja, plagi hajaifungua, kijiti cha oili hajakichomoa, tayari anatafuta spana namba kumi. Mchana injini iko chini juu ya gunia, na dereva anapiga simu kwa tajiri kuomba siku tatu. Nasema haya nikiwa fundi. Injini ikifunguliwa bila sababu huwa hairudi ilivyokuwa: gasketi imechanika, mchanga umeingia, bolti imekazwa kwa hasira mpaka uzi wa alumini umekufa. Sasa hapo ndipo ugonjwa unaanza.

Wengi mnaangalia rangi ya moshi, na rangi ni muhimu. Lakini rangi peke yake inakwambia kinachoungua, haikwambii kimepitia wapi. Ukitaka kujua njia iliyopita, uliza wakati. Unatoka ukiwasha asubuhi? Ukipanda mlima? Ukishuka? Au kutwa nzima? Fundi asiyekuuliza hayo anabahatisha, na anabahatisha kwa hela yako.

Mweupe naupita haraka. Asubuhi ya masika, ukungu wa ziwa bado umelala huko Mkuyuni, unapiga kiki, ekzosi inatoa moshi mweupe mwepesi unaopotea hapo hapo. Huo ni mvuke. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita nzima ya maji. Ekzosi ikiwa ya moto hamyaoni. Ikiwa ya baridi yanaonekana, na pengine yanadondoka kwenye ncha ya bomba. Dakika chache yameisha. Pikipiki zetu karibu zote zinapozwa kwa hewa, hazina rejeta. Kwa hiyo mtu akikwambia moshi mweupe ni maji yanayopenya gasketi ya hedi, muulize hayo maji yametoka tangi gani. Kama mweupe hauishi, ni mzito na unawasha macho, basi huenda maji yameingia kwenye petroli au kwenye ekzosi wakati wa kuosha, au ni oili inayoungua vibaya ukaiona nyeupe kwa sababu ya jua. Na kuosha pikipiki ziwani tuache, jamani. Maji ya bomba ya mji huu yanavutwa ziwani humo humo.

Mweusi ni petroli nyingi au hewa kidogo. Hapa hakuna haja ya kushusha chochote. Anza na choki: imerudi au imekwama nusu? Halafu fungua filta ya hewa. Halafu kabureta: kuna floti isiyofunga, kuna sindano iliyolika, kuna jeti ambayo mtu aliitanua kwa waya akidhani anaongeza nguvu. Jambo moja watu wa hapa hawaliweki akilini ni kwamba Mwanza tuko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya kumi. Kabureta iliyosetiwa pwani, ikifika huku inakuwa na mafuta mengi kidogo kuliko hewa. Haitatoa wingu jeusi kwa hilo tu, ila ukiongeza na filta iliyoziba, mambo yanaonekana.

Msiuchukulie mweusi kama tatizo la mafuta kuisha haraka tu. Petroli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za bloku, inashuka chini, inaingia kwenye oili na kuifanya nyepesi. Chomoa kijiti unuse. Kikinuka petroli, usimwage oili kwanza. Tengeneza kabureta, ndipo umwage. Ukiacha hivyo miezi, moshi uliokuwa mweusi utageuka bluu, na hapo utalipa kweli.

Tumefika kwenye bluu. Bluu ni oili. Lakini kabla sijaendelea, nawaona ndugu zangu wavuvi wa Igombe pale nyuma wanatabasamu, kwa sababu wao wanaona moshi wa bluu kila alfajiri na mashine zinafanya kazi. Mashine nyingi za mitumbwi ni za stroku mbili. Oili inachanganywa na petroli makusudi, mara nyingi lita moja ya oili kwa lita 50 za petroli, yaani mililita 20 kwa kila lita. Ni lazima ziungue pamoja. Hata pikipiki za zamani kama Yamaha DT na AG100, ambazo mabwana shamba walikuwa wakipanda, ni hivyo hivyo, ila zina tangi lao la oili na pampu. Kwa hizo, moshi mdogo wa bluu ni afya. Ukiona umezidi ghafla, na oili ya giaboksi inapungua bila kuvuja nje, usiguse ringi. Sili ya krenki upande wa klachi imekwisha, na injini inanyonya oili ya giaboksi. Sili hiyo ni kipande cha mpira. Nimeona watu wakinunua pistoni mpya kwa sababu yake.

Pikipiki ya stroku nne, Boxer, TVS, Sanlg, Honda, haitakiwi kuonyesha bluu hata kidogo. Ikionyesha, oili imepita sehemu moja kati ya hizi: imeshuka kutoka kwenye hedi kupitia valvu, imepanda kutoka chini kupitia ringi, au imerushwa kwenye filta kupitia bomba la kupumulia kwa sababu mtu amejaza oili kupita kiasi. Ya mwisho dawa yake ni kuipunguza, basi. Hizi mbili za kwanza ndizo zinazogombanisha watu.

Pikipiki imelala usiku kucha. Oili iliyobaki juu kwenye hedi inateremka polepole kando ya shina la valvu, kwa sababu sili ya valvu imekauka na haishiki tena. Asubuhi unawasha: puuu, bluu nzito, majirani wanafunga madirisha. Baada ya muda mfupi umeisha na mchana kutwa huuoni. Hiyo ni sili ya valvu, ndugu zangu. Si ringi. Ringi mbovu haijui asubuhi wala jioni.

Sasa nendeni mkajaribu kwenye mlima wa Bugando, mwenzako akufuate nyuma kwa umbali wa kuona. Shuka mlima ukiwa umefunga mafuta kabisa (umeachia mkono wa mafuta, si kufunga bomba la tangi), gia ya pili au ya tatu, injini ikikushikilia. Chini, kabla hujafika barabarani, fungua mafuta. Kama wakati wa kushuka hakuna kitu, halafu ulipofungua likatoka wingu la bluu mara moja na kukatika, bado ni valvu, na hapa shaka inaenda hasa kwenye gaidi, kile kibomba kinachoshikilia shina la valvu, ya valvu ya kuingizia hewa. Ukifunga mafuta injini ikiwa inazunguka kwa kasi, inavuta kwa nguvu sana na haina cha kuvuta, kwa hiyo inanyonya oili kupitia mwanya wa gaidi. Ukifungua, oili iliyokusanyika inaungua yote kwa pamoja.

Halafu geuza, panda mlima huo huo na abiria mgongoni. Kama moshi unatoka wakati wa kupanda, injini ikiwa na mzigo, na haukatiki mpaka juu, hapo ringi na bloku zimeingia kwenye orodha. Ongeza kipimo kimoja: simamisha pikipiki ikiwa sailensa, yaani injini inaunguruma bila kuvutwa mafuta, chomoa bomba la kupumulia la injini, weka kiganja karibu. Injini nzima inapumua taratibu. Injini ambayo ringi zimechoka inapuliza moto wa chumba kuja chini, utahisi kiganjani pumzi nzito, ya moto, na mara nyingi ina moshi na matone ya oili.

Hapo bado sijafungua. Nafungua plagi. Nyeusi kavu, inapangusika kwa kidole: petroli. Nyeusi yenye kung'aa na unyevunyevu: oili. Rangi ya udongo uliochomwa: salama. Nyeupe kabisa: inaungua kwa ukali, mafuta kidogo au hewa inaingia pembeni. Usisome plagi uliyoiweka jana, haina habari bado. Na usisome plagi ya pikipiki iliyokaa sailensa nusu saa, itakudanganya. Itembeze barabarani kwanza.

Halafu geji ya kompresheni, ya kupima injini inavyogandamiza hewa. Najua gereji nyingi hazina, na mafundi wanapima kwa mguu: "kiki nyepesi." Mguu unasaidia, sikatai, ila mguu wa asubuhi si mguu wa jioni. Geji hii inakufaa kuliko seti ya pili ya spana. Pasha injini, toa plagi, weka kifuniko cha plagi mbali kisirushe cheche karibu na petroli, funga geji, fungua mafuta yote mpaka mwisho. Hili la kufungua mafuta wengi wanalisahau, wanapata namba ndogo, wanamshusha mtu injini bure. Piga kiki mpaka mshale ukome kupanda. Andika. Kisha mimina oili kijiko kimoja cha chai kupitia tundu la plagi, piga kiki mara chache isambae, pima tena. Tuseme mwanzo ilisoma psi 90, sasa inasoma 130: oili imeziba mwanya kati ya ringi na bloku, kwa hiyo mwanya ulikuwepo hapo. Ikibaki 90 ile ile, oili haikusaidia kitu kwa sababu upepo unatokea juu: valvu hazikai vizuri, au gasketi ya hedi. Na mkilinganisha na namba ya kitabu, kumbukeni tena mwinuko wetu. Kwa hewa ya hapa hata injini mpya itasoma pungufu kwa karibu sehemu moja ya kumi.

Kabla hujahukumu valvu, pima nafasi yake, ule mwanya kati ya ncha ya valvu na mkono unaoisukuma, injini ikiwa ya baridi. Honda CG125 ni milimita 0.08 kwa zote mbili. Nafasi ikibanwa, valvu haifungi mpaka mwisho, kompresheni inashuka, pikipiki inakosa nguvu, na moshi hakuna. Kuirekebisha ni kazi ya muda mfupi.

Nimeitaja CG kwa makusudi. Injini hiyo Honda waliitoa mwaka 1976, na pikipiki nyingi za Kichina mlizopanda humu zimebeba muundo wake. Ni injini ya pushirodi, yaani valvu zinasukumwa kwa fito za chuma kutoka chini. Haina cheni ya taimingi kabisa. Kwa hiyo siku fundi akikwambia cheni ya taimingi ya CG imelegea inahitaji kubadilishwa, mshukuru, chukua pikipiki yako, ondoka. Haina pia filta ya oili ya karatasi. Ina wavu, na ina kikombe kinachozunguka upande wa klachi ambacho uchafu unajikusanya. Kikombe hicho wapo waliokuwa na pikipiki miaka mingi hawajawahi kukiona. Kikijaa tope, oili inarudi ilivyo na uchafu wake.

Haya, vipimo vyote vimesema ringi. Sasa shusha, lakini usinunue ringi bado. Safisha bloku, ipeleke kwenye mwanga. Pitisha kucha kutoka juu kuja chini. Pale juu ringi inapokomea, kama kucha inakwama kwenye ngazi, bloku imelika. Tazama upande wa mbele na wa nyuma, ambako pistoni inasukumia: mistari mirefu ya kusimama ni mikwaruzo, na kama unaihisi kwa kucha, huwezi kuiondoa kwa msasa. Kisha chukua ringi mpya ya saizi ile ile, ingiza ndani ya bloku, isukume kwa kichwa cha pistoni ikae sawa bila kulala upande, ingiza fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia, kwenye mwanya wa ncha zake. Bloku ya CG125 ina kipenyo cha milimita 56.5, kwa injini za kiasi hicho mwanya wa kama 0.15 hadi 0.35 ni mzuri. Sasa isukume ringi ile ile mahali pengine, chini ambako ringi hazifiki, upime tena. Kama juu mwanya ni mkubwa na chini ni mdogo, bloku yako haiko sawa tena, na ringi mpya zitakupa furaha ya wiki chache tu.

Hapa ndipo tajiri na fundi wanapokubaliana kumuumiza dereva. Tajiri anasema weka ringi tu, fundi anasema sawa bosi. Bloku iliyokuwa duara imekuwa yai, ringi duara haiwezi kuziba yai. Peleka kwenye mashine ichongwe, uweke pistoni ya saizi inayofuata: 0.25, 0.50, 0.75 au 1.00. Pistoni inunuliwe kwanza, ndipo bloku ichongwe kwa kuifuata pistoni uliyoishika mkononi. Wakati wa kufunga, maandishi ya ringi yaangalie juu, na ncha za ringi zisipangwe mstari mmoja. Hayo mawili yakikosewa, utarudi nyumbani na moshi wako siku ile ile.

Na kitu gani kinamaliza bloku hizi? Mtasema kilomita. Mimi nasema vumbi. Tazameni mawe ya mji huu, kuanzia jiwe la Bismarck kule ziwani mpaka haya yaliyotuzunguka Mabatini. Ni itale. Itale ikimomonyoka inatoa mchanga wenye kwatzi, na kwatzi ni ngumu kuliko chuma cha bloku yako. Barabara ya vumbi kwenda Sangabuye, mbele yako fuso limebeba mchanga, filta umeitoa ili pikipiki "ipumue". Kila pumzi unasaga bloku. Filta ya sponji ioshe kwa maji na sabuni, ikauke, idondoshee oili safi kidogo, iminye isambae, rudisha. Ya karatasi ikichoka inunuliwe nyingine. Kuipulizia kwa kompresa kila siku kunaitoboa. Angalieni na mpira unaounganisha filta na kabureta. Ukipasuka, filta yako ni pambo.

Mwuaji wa pili ni oili pungufu. Injini nyingi za hizi zinabeba karibu lita moja tu. Ikipungua robo, imepoteza robo ya kila kitu: kulainisha, kupoza, kusafisha. Anayezunguka kilomita 100 kwa siku anafikisha 3,000 kwa mwezi, lakini kuna watu wanahesabu kumwaga oili kwa sikukuu. Pimeni asubuhi, pikipiki imesimama wima, si kwa stendi ya pembeni. Kwenye CG kijiti unakigusisha tu, hukizungushi kwenye uzi. Oili iwe na alama ya JASO MA, kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki, kwa sababu klachi zetu zinaogelea kwenye oili hiyo hiyo. Baadhi ya oili za magari zinafanya klachi iteleze. Na oili ya kupima kutoka kwenye dumu lisilo na jina, mimi siiweki hata kwenye bawaba ya mlango.

Wanaonunua pikipiki iliyotumika, neno dogo. Mama anayenunua sangara Mwaloni hamwamini muuzaji, anafunua matamvua mwenyewe. Fanyeni hivyo. Nenda asubuhi, bila kutangaza saa. Gusa injini kabla haijawashwa. Kama ni ya moto, mwenzako ameshaumaliza moshi wa asubuhi kabla hujafika. Mwambie utarudi kesho. Chomoa kijiti: oili nzito inayovutika kupita kawaida ni dalili kuwa imetiwa dawa ya kuficha moshi. Dawa hiyo inapunguza moshi kwa muda, kwa kuwa oili nzito inapenya kwa shida, lakini haijawahi kurudisha chuma kilicholika. Pangusa ncha ya ekzosi kwa kitambaa cheupe: masizi makavu si kesi kubwa, utelezi wa oili ni kesi.

Nimeulizwa swali hapa kwenye karatasi: baada ya kuchonga, tuiache injini iungurume usiku kucha ilainike? Hapana. Inapozwa na upepo wa kutembea, ikisimama inachemka, na ringi mpya zinahitaji mzigo wa wastani ili zishike kwenye bloku. Itembeze kilomita 500 za kwanza, badilisha kasi, usipande Bugando na abiria wawili, usiivute mpaka mwisho, kisha mwaga oili hata kama inaonekana safi. Itakuwa na unga wa chuma.

Mwingine anasema pikipiki yake inapunguza oili na haitoi moshi wowote. Kwanza tafuta mvujo: sili ya shafti ya gia, sili ya sproketi ya mbele, ambayo inajificha nyuma ya kifuniko kwenye matope ya cheni, na gasketi ya chini ya bloku. Osha injini, ipakae unga wa chaki sehemu hizo, zunguka siku moja, oili itachora njia yake yenyewe. Kama pote ni pakavu, basi inaungua kidogo kidogo, kiasi ambacho jicho halioni mchana. Usiku mwambie mwenzako akufuate na taa kubwa, utaiona ndani ya mwanga. Halafu andika umeongeza kiasi gani kila wiki. Kiasi kikibaki kile kile, endelea na kazi na uongeze oili. Kikianza kupanda, njoo na geji.

Ile Sanlg nyekundu pale imekubaliwa na mwenyewe, tunaipima sasa hivi. Mwenye geji yake aje nayo tuone kama zinasoma sawa, na kijana mmoja anitafutie kijiko cha chai.